HORACE KING, FUNDI WA MADARAJA
Maisha ya Seremala na Mwashi Aliyezaliwa Mtumwa

Taarifa ya mwaka ya chama huwa na hesabu ya fedha, orodha ya misaada iliyotolewa, na majina ya wenzetu waliotutoka. Ni desturi njema kuweka ndani yake pia maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia, ili wazee wapate jambo la kuwasimulia vijana, na vijana wapate mfano wa kuufuata. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mfalme wala jemadari, na hakuwa na shahada ya chuo chochote. Alikuwa fundi wa mbao na mawe. Jina lake ni Horace King, wa nchi ya Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1807 na kufariki mwaka wa 1885.

Sababu ya kumchagua ni hii. Wengi miongoni mwa wanachama wetu hula jasho la ufundi: ni maseremala, waashi, wachonga mawe na wapaka rangi. Hata hivyo, si mara moja wala mara mbili tumesikia kijana akinena ya kuwa randa na mwiko ni vya mtu aliyeshindwa shule, na mzee akiona haya kutaja mbele ya watu kwamba mwanawe anajifunza kazi ya mikono. Maisha ya Horace King yatatujibu sisi sote, kijana na mzee, kwa maana mtu huyu hakuwa na kitu chochote duniani, hata mwili wake haukuwa wake kwa sheria, isipokuwa ufundi uliokuwa ndani ya mikono yake na kichwa chake.

KUZALIWA KWAKE

Horace alizaliwa tarehe 8 Septemba 1807 katika wilaya ya Chesterfield, jimbo la South Carolina. Katika ukoo wake zilikutana damu tatu: ya Afrika, ya Ulaya, na ya Wacatawba, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile. Lakini sheria haikuuliza habari za ukoo mzima. Iliuliza habari za mama peke yake. Mtoto wa mama mtumwa alikuwa mtumwa tangu pumzi yake ya kwanza, akahesabiwa katika mali ya bwana wake pamoja na ng'ombe na majembe. Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa watu wa nchi yetu, kwa kuwa utumwa ulikuwapo huku pia, na haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907, yaani miaka mia moja kamili baada ya kuzaliwa kwa Horace.

Alikua akajifunza useremala. Bwana wake alipokufa, Horace aliuzwa, na yapata mwaka wa 1830 akawa mali ya John Godwin, mzungu aliyekuwa mjenzi wa nyumba na madaraja kwa kandarasi. Watumwa wengi wa wakati ule walipelekwa katika mashamba ya pamba, wakafa humo bila kujifunza kitu kingine. Horace alinunuliwa kwa sababu ya ujuzi wake. Huo haukuwa uhuru, wala tusiuite hivyo. Lakini ulikuwa ni mlango uliofunguka kidogo, naye aliuona.

MTO CHATTAHOOCHEE

Kati ya majimbo ya Georgia na Alabama hupita mto mkubwa uitwao Chattahoochee. Chimbuko lake ni katika milima ya kaskazini ya Georgia, nao hushuka kusini ukielekea Ghuba ya Mexico. Ni mto wenye tabia kama za Tana au Nzoia yetu: wakati wa kiangazi mtu huona mawe yake, na wakati wa masika hupanda ghafula ukachukua miti, mifugo na nyumba. Katika miaka ile nchi ya magharibi ya mto ilikuwa ikifunguliwa kwa kilimo cha pamba, na watu walivuka kwa vyombo vya kivuko, wakingoja kwa saa nyingi pamoja na magari yao ya farasi na ng'ombe.

Mwaka wa 1832 Godwin alipata kandarasi ya kujenga daraja katika mji wa Columbus, upande wa Georgia. Alihamia ng'ambo ya pili, mahali palipoitwa Girard katika jimbo la Alabama, akaenda na Horace. Daraja lile lilikuwa na urefu wa futi 900 hivi, nalo ndilo daraja la kwanza la watu wote kuyaunganisha majimbo yale mawili. Godwin ndiye aliyetia sahihi karatasi, na Horace akawa mkono wake wa kuume katika kazi yenyewe. Baada ya daraja hilo walijenga mengine juu ya mto ule ule, huko West Point, Eufaula na mahali pengine, pamoja na nyumba nyingi katika Girard. Kadiri miaka ilivyopita, mzigo wa kuongoza kazi ulizidi kumwangukia Horace, na jina lake likaanza kutajwa na watu waliotaka daraja lisilotikisika.

UFUNDI WENYEWE

Yafaa tueleze kidogo namna ya kazi yake, kwa kuwa wanachama mafundi watapenda kuijua.

Daraja la namna ile lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwashi. Wakati wa kiangazi maji yanapopungua, mafundi huchimba chini ya mto hata wafikie mwamba au ardhi ngumu, kisha hujenga nguzo za mawe yaliyochongwa, moja baada ya moja, mpaka zipite juu ya kimo cha mafuriko. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Jiwe lililokaa vibaya chini ya maji halionekani na mtu, lakini mto huliona. Kila mwaka hulisukuma, hulilegeza, na siku moja hulitoa.

Ya pili ni ya seremala. Mwaka wa 1820 Mmarekani mmoja, Ithiel Town, alipewa haki ya serikali kwa ubunifu wake wa aina ya daraja la mbao, na aina hiyo ndiyo aliyoishika Horace King. Kabla ya hapo madaraja makubwa yalitaka boriti nene mno, na mafundi wa kuunganisha boriti hizo walikuwa wachache. Katika namna ya Town, kila ubavu wa daraja hufanywa kwa mbao za kawaida zilizopasuliwa kiwandani, zikapangwa mshazari, hizi zikielekea kulia na hizi kushoto, zikipishana kama ukili wa mkeka au kama dirisha la mbao za kupishana katika nyumba za zamani za Mombasa na Lamu. Pale zinapopishana hutobolewa kwa keekee, na ndani ya tundu hupigwa kigingi cha mti mgumu. Basi mzigo wa gari linalopita hauangukii ubao mmoja. Hugawanywa kwa mamia ya mbao na vigingi, kila kimoja kikichukua sehemu yake.

Hapo ndipo fundi hodari alipojulikana. Tundu likipotoka kidogo, kigingi hakiingii, au huingia kikalegea; na kigingi kilicholegea huulegeza kilicho jirani yake. Kwa hiyo mbavu za daraja zilipangwa kwanza nchi kavu, zikapimwa, zikatobolewa, mbao zikatiwa alama, kisha zikafunguliwa na kusimamishwa upya juu ya mto katika jukwaa la muda. Mwisho daraja lote liliezekwa paa na kuzungushiwa mbao ubavuni kama nyumba ndefu. Wasiojua walidhani paa lile ni la kuwakinga wasafiri na mvua. Sivyo, lilikuwa la kuzikinga mbao, kwa maana mbao zikilowa na kukauka mara kwa mara huoza upesi, na zikikaa kavu hudumu kupita umri wa aliyezipiga randa.

MALI YA MTU MWINGINE

Sasa tutazame jambo lenye uchungu. Kwa miaka mingi Horace aliongoza kazi zilizoleta fedha nyingi, na kwa sheria fedha hizo hazikuwa zake. Zaidi ya hayo, hakuwa na amani juu ya nafsi yake. Katika miaka ya baada ya 1830 biashara ya Marekani ilitetereka, wajenzi wengi wakaingia katika madeni, na Godwin akawa mmoja wao. Sheria iliwaruhusu wadai kukamata mali ya mdaiwa na kuiuza. Na mali ya thamani kuliko zote aliyokuwa nayo Godwin ni nini? Ni Horace mwenyewe. Kadiri alivyozidi kuwa hodari, ndivyo bei yake ilivyozidi kupanda, na ndivyo hatari ya kupelekwa mnadani ilivyozidi kumkaribia.

Mwaka wa 1837 Godwin aliandikisha Horace kwa jina la mkewe na la jamaa wa mkewe, na watu wengi wanaosoma habari hizi husadiki kwamba alifanya hivyo ili wadai wasimkamate. Labda ni wema, labda ni hesabu ya biashara, labda ni yote mawili. Lakini tuone jinsi ilivyokuwa: mtu mzima mwenye miaka 30, aliyeweza kusimamisha daraja juu ya mto mkali, alihamishwa kwa kalamu kutoka daftari moja hadi daftari jingine.

Mwaka wa 1839 Horace alimwoa Frances Thomas. Frances alikuwa mwanamke huru, na kwa kuwa sheria ilimfanya mtoto afuate hali ya mama yake, watoto wao wote walizaliwa huru, ingawa baba yao alikuwa angali mtumwa. Sheria iliyomfunga baba ndiyo iliyowafungulia wanawe. Walijaliwa watoto watano waliokua: wavulana wanne, Washington, Marshall, John na George, na binti mmoja, Annie Elizabeth.

Mwaka wa 1841 Chattahoochee ulifurika kuliko ilivyowahi kuonekana, ukalichukua daraja la Columbus. Godwin na Horace walilijenga tena. Haikuwa mara ya mwisho kwa Horace kusimama ukingoni mwa mto akitazama kazi ya mikono yake ikienda zake, naye kuanza upya.

HATI YA UHURU

Miongoni mwa watu waliotambua uwezo wake alikuwamo Robert Jemison, mtu tajiri wa Tuscaloosa katika Alabama, mwenye viwanda vya kupasulia mbao na kiti katika Seneti ya jimbo. Horace alimjengea madaraja katika upande wa Mississippi, nao wakaandikiana barua juu ya kazi kwa miaka mingi. Tukumbuke ya kuwa sheria ya Alabama ya mwaka wa 1832 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Horace alijua yote mawili. Kama asingejua, angewezaje kupima mbao za daraja, kuandika mahitaji yake na kuyafanyia hesabu?

Mwaka wa 1846 uhuru wake ulipatikana. Haukupatikana kwa neno la bwana wake tu, kwa sababu katika Alabama mtumwa aliyeachwa huru alipaswa kuondoka katika jimbo, aache nyumba, jamaa na wateja wake. Ilihitajiwa sheria maalumu. Jemison aliisimamia, na tarehe 3 Februari 1846 Baraza la Kutunga Sheria la Alabama likapitisha sheria ya kumweka huru Horace King na kumruhusu kukaa jimboni. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Hapa wazee watatambua jambo ambalo mara nyingi vijana hawalioni. Ufundi ulimpatia Horace heshima, lakini heshima peke yake haikumkinga. Mpaka siku ile alikuwa hodari asiye na hati. Ilibidi ufundi, uaminifu na sheria vikutane ndipo mtu awe salama katika nyumba yake. Mwenye ujuzi asiyejali karatasi za kazi yake, wala mapatano yake, wala haki yake, hujenga juu ya mchanga.

NGAZI ZA MONTGOMERY

Baada ya kuwa huru alichukua kandarasi kwa jina lake mwenyewe. Mwezi wa Desemba 1849 jengo la serikali ya Alabama katika mji wa Montgomery liliungua moto. Lilipojengwa upya katika miaka ya 1850 na 1851, Horace alikuwa miongoni mwa mafundi wake, na ngazi mbili za kuzunguka zilizo katika ukumbi wa kuingilia zajulikana kuwa ni kazi yake. Ngazi hizo hupanda zikijipinda ghorofa kwa ghorofa, wala hakuna nguzo katikati ya kuzishikilia. Uzito wake umefichwa ndani ya mbao zilizopindwa na kuunganishwa kwa namna ambayo fundi wa madaraja peke yake angeifikiri. Zimesimama hata leo.

Mwaka wa 1859 Godwin alikufa, naye hakuacha utajiri. Horace alinunua jiwe la kumbukumbu akalisimamisha juu ya kaburi lake, na maandishi yake hueleza mapenzi na shukrani kwa rafiki aliyekuwa zamani bwana wake. Watu wameshindana sana juu ya jiwe hilo. Wengine husema ni alama ya moyo mkubwa. Wengine husema mtumwa hawi na deni la shukrani kwa aliyemmiliki. Sisi hatutaki kuamua kesi hiyo. Twasema tu kwamba jiwe lile liliwekwa na mtu huru, kwa fedha zake, pasipo kulazimishwa na mtu, na kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwuliza Horace King anapenda kumheshimu nani.

HISA BADALA YA UJIRA

Katika miaka ya kati ya 1850 na 1860 alijenga daraja lililoitwa daraja la Moore, juu ya Chattahoochee, kati ya miji ya Newnan na Carrollton katika Georgia. Katika kazi hii alifanya jambo ambalo chama kama chetu kingefaa kulitafakari. Wenye daraja walipotaka kumlipa, hakuchukua ujira wake wote akaenda nao, alichukua hisa. Akawa mmoja wa wenye daraja. Mkewe Frances alihamia huko na watoto, wakalima shamba na kukusanya ushuru wa kila gari na kila mnyama aliyevuka. Horace aliendelea kusafiri akijenga mahali pengine, na daraja lile likailisha nyumba yake akiwa hayupo.

Fundi wengi hulipwa Jumamosi na kuwa maskini Jumatatu. Huyu alijua kwamba nguvu za mikono hupungua, ila kitu kilichojengwa vema chaweza kuendelea kumlipa aliyekijenga.

VITA NA MOTO

Mwaka wa 1861 majimbo ya Kusini yalijitenga kwa ajili ya kuulinda utumwa, na serikali yao ya kwanza ikaundwa Montgomery, katika jengo lile lile lenye ngazi za Horace. Vita vilidumu hata mwaka wa 1865. Horace alikuwa mtu mweusi aliyekaa katikati ya nchi ya Kusini, na serikali ya huko ilihitaji mafundi. Aliwekwa katika kazi zake, naye akaleta mbao na kufanya ujenzi kwa ajili ya viwanda vya kivita vya Columbus. Hakuwa katika hali ya kukataa.

Mwezi wa Julai 1864 askari wapanda farasi wa Kaskazini, chini ya Jenerali George Stoneman, walilifikia daraja la Moore wakalitia moto. Ndilo daraja lililoilisha nyumba yake. Mwaka uo huo Frances akafariki. Aprili 1865 vita vilifika Columbus yenyewe, na madaraja yakateketea huko pia. Jeshi lililoleta uhuru wa watu weusi ndilo lililochoma mali ya mtu mweusi huyu. Na jeshi la Kusini nalo lilichoma madaraja lilipokuwa likirudi nyuma. Horace alikuwa na umri wa miaka 57, mjane, na sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake ilikuwa majivu yakielea mtoni.

Alifanya nini? Alirudi kwenye msumeno. Nchi nzima ilihitaji madaraja, maghala na viwanda, na mtu aliyejua kuvijenga alikuwa yeye. Akawaita wanawe, wakaanza upya pale pale nguzo za mawe zilipobakia. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: mwezi wa Desemba 1865 utumwa ulipigwa marufuku katika Marekani yote, na kila kibarua aliyeshika nyundo kando yake alikuwa mtu wa kulipwa.

KITI BARAZANI

Sheria mpya za baada ya vita ziliwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura na ya kuchaguliwa. Watu wa wilaya ya Russell, aliyokaa Horace, walimchagua mwaka wa 1868 kuwa mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Alabama, naye akawamo hata mwaka wa 1872. Baraza hilo lilikutana Montgomery. Basi mtu ambaye baraza la Alabama lilikuwa limeketi mwaka wa 1846 kuamua kama aweza kuwa huru, sasa aliketi mwenyewe ndani ya baraza la Alabama. Na ili kwenda ghorofani alishika reli ya ngazi aliyoichonga kwa mikono yake.

Hakuwa msemaji mkubwa, wala hakuiweka randa chini kwa sababu ya siasa. Alijua kuwa cheo hutolewa na watu, na watu wakitaka hukichukua. Kwa kweli haikupita miaka mingi kabla haki za watu weusi wa Kusini hazijanyang'anywa tena, hila kwa hila na sheria kwa sheria, nazo hazikurudishwa kwa ukamilifu mpaka katika miaka ya 1960. Lakini hakuna baraza lililoweza kuwanyang'anya wana wa King ufundi wao.

WATOTO WAKE NA MWISHO WAKE

Katika miaka ya mwanzo baada ya 1870 Horace alihamia LaGrange katika Georgia pamoja na jamaa zake. Huko alijenga majengo ya shule, maduka na madaraja. Polepole aliwaachia wanawe uongozi wa kazi, nao wakawa na kampuni yao ya kujenga madaraja, yenye jina la ndugu wa King. Binti yake naye alikuwa na sehemu katika shughuli za jamaa.

Alifariki tarehe 28 Mei 1885, akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa LaGrange. Mwaka uo huo mwanawe Washington alijenga daraja la Watson Mill katika Georgia, la mbao za kupishana na lenye paa, kwa namna ile ile aliyofundishwa na baba yake. Urefu wake ni futi 229, nalo lingalipo. Lingalipo pia daraja la kijito cha Red Oak katika wilaya ya Meriwether, la miaka ya 1840, ambalo huhesabiwa kuwa kazi ya Horace mwenyewe tangu siku alipokuwa bado mtumwa. Mabwana wengi wa mashamba ya pamba wa wakati ule wamesahauliwa. Vigingi vya mti vya fundi yule vingali vimeshika.

YATUPASAYO SISI

Ndugu wanachama, na wazee wetu watukufu, maisha haya si hadithi ya kustarehesha tu. Tukiyatazama vema twaona mambo manne yanayotuhusu.

La kwanza, kazi ya mikono yataka kichwa. Horace King alikuwa seremala, mwashi, mpimaji na mwenye hesabu kwa pamoja. Siku hizi saruji imechukua mahali pa chokaa, na mashine hupiga randa. Lakini timazi haijabadilika, wala jiwe lililokaa vibaya halijajifunza kusamehe. Kijana anayeshika ufundi na aendelee kushika kitabu pia.

La pili, ufundi pasipo hati ni nusu ya kinga. Mapatano ya kazi yaandikwe, malipo yapokewe kwa stakabadhi, na mashamba na nyumba ziandikishwe. Mara ngapi wajane wa mafundi wamekuja mbele ya vyama kama hiki chetu mikono mitupu, ilhali waume zao walijenga nusu ya mtaa?

La tatu, sehemu ya jasho la leo iwekwe katika kitu kitakachozaa kesho. Horace alichukua hisa ya daraja. Sisi twaweza kununua hisa ya jengo, ya mashine ya kupasulia mbao, au ya kiwanja cha pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Na ingawa daraja lake liliteketezwa na vita, kwa miaka kadhaa lilikuwa limewalea watoto wake, nao ndio waliomsaidia kuanza upya.

La nne, na ndilo kubwa, fundi asife na ujuzi wake. Kila mzee wa kazi miongoni mwetu na ajiulize ni nani anayemfundisha. Tukimwona kijana ameketi barazani bila kazi, na huku mzee mwenye patasi zake tano na busara ya miaka arobaini akifanya kazi peke yake, tujue kwamba chama kimeshindwa kuwakutanisha watu wawili wanaohitajiana. Hilo ni jambo ambalo halitaki fedha nyingi za mfuko wetu. Lataka mzee afungue mlango wa karakana yake, na mzazi asione haya kumpeleka mtoto.

Mungu awalaze mahali pema wote waliotutangulia katika kazi njema, na atupe sisi tuliobaki nguvu ya kujenga kitu ambacho watoto wetu wataweza kuvukia.